Marehemu Ni Nani?

Kutaisi, kiwanda cha soksi, saa mbili usiku.
Eteri anaifundisha kompyuta namna tunavyokosekana:
likizo ya mwaka, siku ishirini na nne;
uzazi;
ugonjwa, kwa cheti cha daktari;
msiba, siku tatu
(na arobaini je?).

Mashine inauliza: marehemu ni nani?
Mzazi. Mwenza. Mtoto. Ndugu wa damu.

Anamkumbuka Naziko wa zamu ya alfajiri
aliyemzika jirani,
bibi aliyewafungulia chumba vita vilipowatoa Sukhumi,
akarudi kesho yake,
uzi ukimkatikia mkononi.

Eteri anaongeza mstari: Mwingine.
Fafanua, inasema mashine.
Anaandika, kilio hakina ukoo.
Inakataa: mwisho herufi kumi na mbili.

Anafuta.
Anaandika, wetu.

Inapokea.