Kitako cha Sado

Ombeni ameniletea mstari kwenye simu.
Huu sisi, bibi, huu wa chini, wenye rangi ya kutu.
Ule wao. Anauvuta kwa vidole viwili
mpaka nchi yao inatoka nje ya kioo
na yetu inabaki, nene, imetulia
kama mshono wa gunia.
Mwaka wa kwanza mistari inagusana.
"Tulianza pamoja. Tumechelewa wapi?"

Mimi nilikuwa mpiga chapa, ghorofa ya tatu, Kivukoni,
mashine yenye herufi M iliyopinda.
Namba anayoiuliza imepita kwenye vidole hivi:
pato ghafi la taifa, kwa kila mtu,
safu ya sita kutoka kushoto.
Ndugu Mndeme akisoma kwa sauti, mimi nagonga,
na kila alipofika kwenye "ghafi" alicheka:
ghafi ni sukari pamoja na gunia lake, dada,
mzigo bado haujavuliwa nguo.

Akanifundisha. Chukua kilichozalishwa humu ndani.
Toa faida ya wageni iliyopanda meli kwenda kwao.
Ongeza alichotuma kaka yako Hilali kutoka Maskati.
Ndiyo, hata hela za lile bati lenu la Mtoni
zimo humu, Sikudhani, kwenye tarakimu ya mwisho kabisa,
ile tunayoikata tukikadiria.

Jioni ile nililitazama bati kwa heshima.

Kisha gawa kwa vichwa.
Hapo nilikuwa nikisita, kidole hewani.
Kichwa cha mkurugenzi na kichwa cha mama yangu,
aliyekaanga mihogo Tandika tangu alfajiri,
vinapewa fungu sawa
la pesa ambazo mama hakuwahi kuzishika.
Mihogo yake yenyewe hakuna aliyeiandika.
Kwenye kugawa alikuwepo.
Kwenye kujumlisha, hayupo.

Iko miaka ambayo takwimu hazikuja.
Weka nukta mbili, akasema Ndugu Mndeme.
Shuleni tulijifunza nukta pacha,
moja juu, moja chini: subiri, orodha inafuata.
Hizi zililala ubavu kwa ubavu
na hazikufuatwa na kitu.
Tak, tak.
Na mwaka ule mimi nilijua ulikuwa na nini:
foleni ya sabuni kutoka duka la kaya hadi bombani,
unga wa njano,
kanga ya mama ikimzunguka mara mbili na kusaza pindo.
Nikapiga nukta zangu, nikasogeza karatasi.

Nimeshastaafu, redio ikatangaza
kwamba wamebadili mwaka wa kizio
na uchumi ni mkubwa kuliko tulivyodhani.
Tulilala wadogo, tukaamka tumeongezeka.
Nilifungua kabati. Sukari ilikuwa palepale.
Sikukasirika, kipimo nakijua.
Sokoni Havijawa amegonga kitako cha sado kwa nyundo
mpaka kimeingia ndani;
jirani yake kakigonga kikatoka nje, apendwe na wateja.
Maharage ni ya gunia moja.

Ila usinielewe vibaya, Ombeni.
Wametuacha. Jokofu langu limetoka kwao,
hiyo simu yako imetoka kwao,
na sisi bado tunawapelekea vitu vikiwa na maganda.
Kitako cha sado hakiwezi kuficha pengo lote hilo.

Nirudishe nyuma, namwambia, miaka yangu ile.
Anavuta. Anavuta tena.
Nazitafuta nukta. Hazipo.
Mstari umepita juu yake, umenyooka kama rula,
kutoka mwaka uliojulikana hadi mwaka uliojulikana,
bila kushuka hata kidogo kwenda dukani.
"Nani kajaza hapa?"
"Kompyuta, bibi. Inakisia."

Naweka kidole mahali pale, nakiacha.
Simu inadhani nimeomba kitu.