Shubiri ya Ziada

Nyumba ya Chang'ombe, tofali za zamani,
zilizofyatuliwa saruji ikiwa bado saruji.
Tindo inalia, ukuta hautishiki.
Kidawa, mwanagenzi wangu, ameshika futi,
vumbi limemzeesha nyusi.

Bi Nyamizi anataka matundu matatu:
la sebuleni, kwa ajili ya runinga,
la chumbani kwa mjukuu anayesoma usiku,
na la jikoni, "usiniulize la nini."
Sikuuliza. Mwenye ukuta ndiye mwenye sababu.

Nikapiga alama kwa penseli
shubiri mbili kutoka soketi ya umeme,
maana waya wa umeme na wa mtandao
ukiwalaza kitanda kimoja
watasengenyana usiku kucha,
na asubuhi mteja atakupigia wewe.

Sebuleni, nyuma ya kabati la vyombo
(tulilisogeza watu wanne,
vikombe vikitetemeka kama vimeitwa polisi)
kulikuwa na kifuniko kilichopakwa rangi
mara tano, au sita:
maziwa, kijani, maziwa tena, samli.
Nikapitisha kisu ukingoni. Kikabanduka.
Ndani, waya wa simu, jozi moja ya shaba,
umejiviringa kama konokono aliyelala,
shubiri nzima ya ziada.

"Hiyo ni simu ya marehemu," akasema Bi Nyamizi.
"Karani wa bandari, ndiyo maana tulipewa.
Mtaa mzima ulikuja kusubiri
hapo hapo ulipochuchumaa.
Misiba yote, kuanzia Tabora hadi Kilwa,
imepita kwenye ukuta huo.
Na harusi mbili."

Sikumjua aliyeuviringa.
Huenda amezikwa, huenda anauza maji Temeke.
Ila mkono wake niliujua:
mtu asiyekata waya kwa kipimo cha leo.

Nikauvuta kidogo. Ukaitika.
Bomba lilikuwa wazi hadi juu ya dari,
miaka yote hiyo, bila panya, bila lipu iliyodondoka.
Basi tukaweka tindo chini.
Tukaifunga kebo mpya kwenye mkia wa waya mzee:
utepe mweusi, mizunguko saba, tone la sabuni.
Kidawa juu akivuta, mimi chini nikilisha.
"Taratibu. Taratibu, usimkimbize."
Waya wa simu ukatokea upande wa pili
umemshika mgeni mkono.
Hiyo ndiyo simu yake ya mwisho.

Kisha nyuzi nane. Kidawa huzikariri
kama mtoto wa chuoni mbele ya bakora:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Akazibana moja moja. Tukapima.
Taa ya saba ikakataa.
Na feni nayo ikasimama, umeme umekatika,
pakabaki jasho peke yake linalotembea.
Akakata, akaanza upya kwa tochi ya simu yangu,
ameuma ulimi, hanitazami.
Taa nane.
Kipimaji kina betri, hakijui mgao.

Nikamwona anaviringa mkia ndani ya kisanduku,
shubiri ya kwake, ndogo kuliko yangu.
Sikuwa nimemwambia.

Bi Nyamizi alikuwa mlangoni muda wote.
"Huo mnaouficha, nimeulipia mimi?"
Wewe, Bi.
"Wa kazi gani?"
Wa fundi atakayekuja.
"Namfahamu?"
Hata sisi hatumfahamu.

Akahesabu noti, akazirudia,
akachomoa elfu mbili,
akazifunga kwenye ncha ya kanga.
"Basi na hizi nazo ni za ziada," akasema.
"Akija nitampa mwenyewe."