Kijiti cha Kushoto

Si simu, si runinga. Ni popo:
mkononi ni ndege, kwenye kitako chake ni mnyama.
Nilimnunua kwa marupurupu ya theluji
mwaka ule ilipoanguka Otaru siku kumi na moja mfululizo
tukawa tunafukua reli kwa koleo.

Amezeeka sasa.
Nikiondoka naye Otaru betri imejaa,
nikifika Sapporo anaomba maji.
Feni yake inakoroma kumshinda mama mkwe,
na Bi Fumie tunamsikia hadi kwa jirani.
Kioo kina mkwaruzo unaopita juu ya kila anga,
kwa hiyo katika dunia zote nilizozuru humo
kuna kimondo kimoja kisichoanguka.

Lakini ugonjwa wenyewe ni kijiti cha kushoto.
Usipokigusa, kinatembea.
Mkata kuni wangu, yule mwenye kofia ya manyoya,
nikimwacha kidogo nipige chafya
namkuta ameshika njia, kushoto, kushoto,
polepole kama mlevi aliyekumbuka kwao,
hadi ukingoni mwa genge, na chubwi!

Saa tisa za usiku, tukingoja plau irudi,
Inagaki anasema toleo jipya liko njiani.
Mwaka jana alisema. Mwaka juzi aliapa.
“Kioo kikubwa,” anasema, ameachanisha glavu zake
kama seremala anayepima mlango,
na kila akisimulia mlango unapanuka.

Nami, mtu mzima wa miaka arobaini na minne,
nina orodha nyuma ya ratiba ya treni.
Betri ifike Asahikawa na kurudi.
Feni iwe na adabu.
Mguu wa kusimamia usiwe ukucha, uwe mguu.
Kumbukumbu iongezwe,
nisilazimike kufuta dunia moja ili niingie nyingine.
Vijiti, vikiambiwa simama, visimame.
Bei sikuandika. Kalamu iliganda.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Najua.
Nakitaka kidonda hicho,
nakitaka na sanduku lake,
na ile harufu ya plastiki ambayo haijashikwa na mtu.

Jumapili nikachoka kungoja.
Nikaazima bisibisi ya miwani ya Bi Fumie,
nikafungua skrubu nne; ya tano ikaruka
chini ya meza ya joto, nikaifuata kifudifudi,
nikipapasa miguu ya familia nzima.
Ndani ya kidude: vumbi, unywele, punje ya ufuta.
Nikakata kipande cha pakiti ya maziwa,
kidogo kama ukucha wa mtoto,
nikakiegemeza mgongoni mwa kijiti, nikafunga.

Mkata kuni akasimama.
Nikapiga chafya ya makusudi. Akasimama.
Nikaenda chooni, nikarudi. Yupo.

“Konoha! Njoo uone!”
Akaja, miaka tisa, keki ya mchele mdomoni,
akaketi, akakishika,
na palepale mkata kuni akaenda kulia, kulia,
moja kwa moja mtoni.

“Umekiharibu,” akasema.

Nikatazama kidole gumba chake.
Kilikuwa kimelalia kulia, kidogo tu,
kama mti uliokulia penye upepo.
Miaka miwili kimekuwa kikimzuia yule mlevi asiende kwao,
bila kuniambia,
nadhani bila hata mwenyewe kujua.

“Toleo jipya,” Inagaki alianza usiku ule, mikono ikipaa.
“Likija,” nikamwambia, “litatukuta na vidole vyetu vya zamani.”
Hakusikia. Plau ilikuwa inarudi,
taa mbele, theluji ikiruka pande zote mbili,
naye amesimama pale kando ya reli,
bado anapima.