Kiingilio

Kijana wa getini anachana tiketi nne,
kila moja na muhuri wa zambarau uliopigwa upande.
"Na huyu bibi naye analipa?" anauliza mama,
kana kwamba anamsemea jirani.
Analipa. Elfu mbili, aliangalie Singidani,
ziwa alilolikwangua ukingo kila kiangazi,
akabeba tope la chumvi
hadi mgongo ukaijua njia bila macho.

Tumekuja kupumzika, namwambia.
"Kupumzika na nini?"

Majabali yamekaa yalivyokaa,
moja juu ya jingine, bila saruji, bila fundi.
Mughenyi ameshapanda la pili,
viatu vya shule mkononi,
anatuita tuwaone heroe kule ng'ambo:
mstari wa waridi uliochorwa na mtoto
asiyejua kushika rula.
Mume wangu anapuliza mkaa, machozi yanamtoka,
kuku kalala na ndimu tangu jana.

Mama hakai.
Namtandikia mkeka, anaukung'uta.
Namfungulia soda, anampelekea mlinzi.
Nikigeuka, keshaokota vijiti,
kavifunga mzigo kwa ukamba wa gome,
na mbele yake bango: MARUFUKU KUKATA KUNI.
"Sikukata," anasema. "Vilikuwa vimelala."

Saa tisa upepo wa Singida unaamka,
unapindua sahani, unamvua binti wa watu kofia.
Tunacheka, tunakimbizana na vifuniko,
na mama hayupo.

Namkuta majini.
Kanga kaipandisha magotini,
ndala kaziweka sambamba juu ya jiwe
kama mlangoni pa mtu.
Anachota kwa kiganja, anaonja, anatema.
"Lile lile," anasema, si kwangu.
Kisha anasimama tu.
Haoshi kitu. Hajazi kitu.
Viwimbi vinamgonga ugoko, vinarudi, vinamgonga tena,
naye anaviacha.

Nataka kumpiga picha. Simu inakuwa nzito mkononi,
nairudisha mfukoni.

Kuku ameungua upande mmoja. Tumemla hivyo hivyo.

Jioni, wakati wa kutoka,
mama anafungua fundo pindoni mwa kanga,
anamwonyesha yule kijana kipande cha tiketi
kilicholowa, muhuri umevuja wote:
"Hii, mwanangu,
inafaa na kesho?"