Nywele za Kifua

Utomvu wa mpira haukungoja chombo.
Lokwa aliupaka kifuani, tumboni, mapajani,
ukikauka aliubandua
na nywele zikafuata.

Mimi Bolumbu nilikuwa rehani
katika boma la Kampuni, ukingoni mwa Lopori,
wanawake arobaini na kamba moja,
tukingoja makapu ya waume yapande mizani.
Karani akatazama mshale.
"Hazijatimia."
Hivyo tu. Hazijatimia.
Kisha mlio, kisha panga,
maana kila risasi ilidaiwa mkono,
na askari naye ana daftari lake.

Wanasema Mfalme hajawahi kukanyaga tope letu,
wala jina la mto huu halijui.
Sikatai.
Ila huko kwake, kwenye barabara iliyonyooka,
yuko mtoto juu ya baiskeli,
magurudumu laini, hayana kelele.
Siku moja gurudumu litapasuka.
Baba yake atainama alizibe,
kidole kitagusa kitu ndani ya mpira,
cheusi, kifupi, kimejikunja.

Atadhani ni uzi.

Ni unywele wa Lokwa.
Naujua. Nilikuwa nikiulalia.