Kisu cha Msalato

Kisu hiki kimezoea kifundo cha mbuzi.
Jumamosi zote pale mnadani
kinajua paja linaachia wapi,
ubavu unataka kupasuliwa vipi kabla ya moto.
Leo nimekikosha mara tatu kwa majivu,
nikakinusa, nikakikosha tena,
nikakiambia: taratibu, mzee mwenzangu,
hii ni karoti.

Sechelela anaingia na basi la saa kumi na mbili.
Miaka miwili Bangkok, akisomea maji,
na huko huko akaacha nyama.
Alinitumia sauti kwenye simu, anacheka kwa woga:
"Baba, mimi sili tena kitu chenye macho."
Niliisikiliza nikiwa na damu hadi viwikoni.
Nikamjibu, sawa mama.
Nikakaa siku nne sijui nimekubali nini.

Halafu akatuma nyingine, mapishi.
Mama yake alicheka mpaka akaegemea ukuta:
tambi zisizo na ngano, tambi za mboga!
"Mboga ikijifanya ugali, ugali nao uende wapi?"

Basi nachana.
Mumunya changa la Hombolo nalivua utepe kwa utepe.
Wa kwanza ulikuwa mnene kama mshipi.
Wa kumi ungeweza kuona taa nyuma yake.
Kisu kikajisahau, kikatafuta mfupa,
kikakipata kidoleni mwangu.
Nikafunga kitambaa. Karoti ni nyingi bado.

Nilidhani mambo ya Tailandi yanatoka mbali.
Nilikwenda soko la Majengo na karatasi mkononi
nikijiandaa kuchekwa.
Ukwaju? Muuzaji alinitazama kama mgonjwa,
akanyoosha mguu, akaligusa gunia.
Karanga ni zangu, za shamba la Mvumi.
Mchaichai umejiotea nyuma ya bafu
pale maji yanapotokea;
miaka yote tunauchemshia chai
hatujui kwamba una ndugu ng'ambo.
Nazi tu ndiyo mgeni, imepanda basi kutoka Tanga
na imefika na ufa.

Pilipili niliogopa. Nikatia mbili.
Nikatia nne.
Sosi ya samaki amekataza,
samaki naye ana macho.
Nikaziba pengo kwa chumvi, nikakamua ndimu,
tui likapanda, karanga zikatoa mafuta yake pembeni,
nikachovya kidole kizima, nikalamba,
nikasimama.

Mwaka ule ng'ombe wetu walipokwisha,
mmoja mmoja, wamelalia ubavu kwenye vumbi,
mama alipika majani ya kunde makavu kwa karanga,
akatia ukwaju ili tumeze.
Tulikuwa saba. Tulilamba chungu.
Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza nyama iko wapi.
Ladha hii nilikuwa nimeiacha huko,
nikanunua kisu, nikawa mtu wa Msalato.

Jirani Chidawali alichungulia dirishani.
"Leo mbona jiko lako halitoi harufu?"
Linatoa, nikamwambia. Pua yako ndiyo haijasoma.

Akaja. Amekonda, au amerefuka.
Aliinua tambi kwa uma, zikateleza zikarudi,
mama yake akapiga kofi: "Si nilisema? Mlenda huu!"
Sechelela akacheka na mchuzi kidevuni.
Alikula kimya. Mimi nilikuwa naosha bakuli
ambalo lilikuwa safi.

"Baba."
Nikageuka.
"Kuna ugali?"

Ulikuwepo. Wa uwele, umefunikwa kwa sahani,
mama yake aliusonga kwa siri saa kumi na moja
asitwambie.
Sechelela akamega, akatonesha, akaizoa Tailandi yote
kwa kidole gumba, kama bibi yake,
na zile tambi zikawa mboga tu,
mboga tamu, pembeni.

Ndipo akaona kitambaa.
"Umejikata?"
Mbuzi, nikasema. Jumamosi. Alikuwa mkorofi.
Akanitazama, akautazama utepe wa karoti
uliokauka kwenye mkono wa shati langu,
akamega tena.