Nusu ya Jina

Uwanjani kwa dada Mize, Mtambwe,
karafuu za juzi zimeanza kupiga weusi.
Mimi nagongomea mlango wa jiko, bawaba imeng'oka,
na Raya, mwanawe, kidato cha pili,
anachambua makonyo kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika kamusi isiyo jalada.

"Mjomba, hii Waingereza wanaiitaje?"
"Klovu," nikasema. Hata gunia limeandikwa.
"Na maana yake?"
Nikanyamaza. Nilikuwa na misumari mitatu mdomoni.

Akasoma, akikwama, akirudi nyuma:
Warumi walikuwa na neno, klavus,
nalo ni msumari. Basi. Msumari wa fundi.
Wafaransa wakaona kijiti kina kichwa na mguu,
wakakiita msumari wa karafuu.
Jina likavuka maji, Waingereza wakalipokea,
wakalikata mkia,
wakabaki na msumari mtupu.

Nikatema mmoja,
nikaulaza kiganjani kando ya karafuu kavu.
Wallahi, ndugu wa tumbo moja.
Kichwa, shingo, mguu. Hata kutu ni ile ile.

Mize hakuinua uso, anageuza jamvi zima kwa viganja.
"Wao wakachukua msumari," akasema,
"sisi tukabaki na karafuu.
Jina limegawiwa kama shamba la marehemu,
na kila mrithi anaapa lake ndilo zima."

Marehemu. Neno lilimtoka tu.
Faki wake, mwaka ule wa mavuno makubwa,
tawi lilisema ta,
pakacha likamwagika pamoja naye.
Kiunza chake nilikichonga mimi.
Kiunza hakipigwi msumari.
Sikulisema hilo.

"Na karafuu lenyewe, mjomba, limetoka wapi?"
Akafunua. Ukurasa huo umechanika,
labda ulifungia njugu zamani.

Kisha wingu likatokea upande wa Wete bila hodi,
tone la kwanza juu ya bati, la pili,
na sote watatu tukawa mikono tu:
kunja jamvi, zoa, shindilia,
gunia, kamba, ndani.

Usiku, mlango bado umeegemea ukuta,
nikahesabu misumari kwa mwanga wa simu.
Miwili.
Nikahesabu tena.

Wa tatu umekwenda zake mizanini,
umepimwa, umelipwa,
umeuzwa kwa jina lake.